Sauti ya Wifi

Kwa miaka kumi na mmoja Pindo alikuwa masikio ya mumewe. Hakuna aliyemwomba kazi hiyo wala aliyemwuliza kama ataiweza, ilimwangukia tu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Randa, alikuwa amesimama mbele ya msumeno wa umeme tangu ujana wake bila kitu chochote masikioni, kwa sababu enzi zile fundi aliyejiziba masikio alichekwa na wenzake. Msumeno haukuwahi kumkata hata kidole kimoja, na hilo alijivunia sana. Kumbe ulikuwa ukimla masikio kidogo kidogo. Kwanza zilipotea sauti za ndege, zikafuata kengele za baiskeli, kisha sauti za watoto, kisha za wanawake. Za wanaume wenzake alizipata kwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Pindo alikuwa fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo alilolishona yeye ungelitafuta uzi wake usiuone. Cherehani yake ilikaa mbele, dukani, na karakana ya mumewe ilikuwa nyuma, katikati pakiwa na mlango mmoja usio na komeo. Mteja wa kabati alipitia kwa Pindo. Mteja wa dirisha alipitia kwa Pindo. "Mwambie rafu ziwe tatu, si nne," naye aliinuka, akaenda nyuma, akamshika mumewe kiwiko na kumpa ujumbe: neno moja kwa sauti ya kupasua, mengine kwa midomo na vidole, lugha waliyojitungia wenyewe na ambayo hakuna mtu mwingine aliyeijua. Simu ikilia aliipokea yeye. Ujumbe ukiingia aliusoma yeye, kwa sababu Randa na namba walielewana vizuri, lakini na herufi hawakuwahi kuwa marafiki.

Alichoka, ndiyo. Aliwalalamikia majirani kwamba iko siku koo lake litapasuka. Lakini ukweli ambao hakumwambia hata mama yake mzazi ni kwamba aliipenda kazi hiyo. Hakuna neno lililomfikia mumewe bila kupita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua utani upi umfikie mzima na upi ukatwe mkia. Wanawake wengine walipekua mifuko ya waume zao. Pindo hakuwa na haja ya kupekua chochote.

Basi kliniki ya masikio ya hospitali kubwa ikatangaza kuwa inatafuta watu ishirini wa kujaribu vifaa vipya vya kusikilizia kwa wiki kumi na mbili. Pindo ndiye aliyelisoma tangazo. Pindo ndiye aliyempeleka mumewe. Hilo alikuja kulikumbuka sana baadaye.

Mtaalamu wa masikio alikuwa binti mwenye kucha fupi na viatu vya mpira visivyotoa mlio. Alimwingiza Randa kwenye kijumba chenye kuta za sponji nene, akamvika vipokea sauti vya kupimia na kumpa kitufe. "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza." Kupitia kioo Pindo aliona taa za mashine zikiwaka moja baada ya nyingine, na mumewe ameketi na kidole gumba juu ya kitufe, uso mtiifu kama wa mtoto anayesubiri kuitwa jina, habonyezi. Alitamani agonge kioo amwambie.

"Tulia, mama," mtaalamu alisema. "Humo ndani huwezi kumsaidia."

Vifaa vyenyewe vilikuwa viwili, vidogo kama punje za maharage, vya kukaa nyuma ya sikio. "Vina akili bandia," mtaalamu alieleza.

"Akili bandia," Pindo alisema. "Kama kucha bandia."

Binti alicheka. "Kucha bandia haijifunzi, mama. Hivi vinajifunza. Vile vya zamani vilikuza kila kitu: mtu, feni, sufuria, honi, mpaka watu wakavitupa kabatini. Hivi vinaangalia mzee anageuza kichwa wapi, anamjibu nani, anakaa na nani muda mrefu. Halafu vinamleta huyo karibu na kuwarudisha wengine nyuma."

Kwenye simu ya Randa kuliwekwa programu, na kwa kuwa mwenyewe hakusoma, aliyefundishwa kuitumia ni Pindo. Kila sauti ilionekana kama duara la rangi yake. Kadiri Randa alivyoisikiliza zaidi, ndivyo duara lilivyokua. Ukiligusa, lilikupa sekunde mbili za sauti ili ujue ni ya nani. Ukiliburuta juu, sauti ilipanda. Ukiliburuta chini, ilishuka. "Ila kuburuta usiburute," binti alisema. "Tunataka kuona kama kifaa kitachagua chenyewe." Mengine yalikuwa kwenye ukurasa wa nne wa fomu, ambayo Pindo aliitia sahihi kama shahidi bila kuufikia ukurasa huo.

Mtaalamu aliviwasha, akaziba mdomo kwa karatasi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, unanipata?"

Randa aligeuka. "Usipige kelele, binti," alisema.

Kisha akamtazama mkewe. "Na wewe sema kitu."

Pindo, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, alifoka, "Unasikia?" Mumewe aliruka akashika sikio.

"Taratibu, mke wangu. Niko hapa hapa."

Walicheka wote watatu. Pindo alicheka pia, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakujua aitie sauti yake kwenye kipimo gani.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kustaajabu. Randa aligundua kuwa bomba la uani linavuja, kuwa ndara zake zinapiga makofi, na kuwa jokofu lao linanung'unika mchana kutwa kama mtu aliyedhulumiwa. Alisimama uani akisikiliza njiwa juu ya bati, mdomo wazi. Pindo alimtazama kutoka dirishani, moyo ukamjaa.

Wiki ya pili mteja mmoja aliingia dukani, akamsalimu Pindo na kumpita. "Naongea naye mwenyewe tu. Si anasikia siku hizi?" Pindo alibaki na sindano hewani. Simu ililia kule nyuma, ikapokelewa kule kule nyuma. Kicheko kikasikika. Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani ili asikilize, lakini alipata vipande tu, kama mtu aliyekaa kiti cha mwisho kwenye mkutano.

Jioni, wakila, aliuliza, "Yule mteja alisemaje?"

"Yupi?"

"Yule mrefu. Mlicheka."

"Aa, mambo ya kawaida tu."

Mambo ya kawaida tu. Pindo aliyatafuna maneno hayo pamoja na chakula, na vyote viwili vikakataa kushuka.

Sasa, Randa alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake kwa miaka sita, aliyekuwa dobi upande wa pili wa mji. Alikuwa na mikono iliyokwanguliwa na sabuni na sauti nyembamba ya haraka, yenye kupanda juu mwisho wa kila sentensi. Ilikuwa ndiyo hasa aina ya sauti ambayo msumeno uliianza mapema. Kwa miaka yote ile alikuja mara moja kwa mwezi, akakaa wima kwenye kiti kama mtu aliyekuja ofisini kufuata cheti, akaongea na ndugu yake kupitia kwa wifi yake. Naye Pindo alipitisha. Alipitisha kwa kupunguza. Dada akisema maneno mia, Randa alipata kumi.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, dada alipiga simu na Randa akaipokea mwenyewe.

"Dada?" Pindo alimsikia akisema kule nyuma. Kisha, "Dada, kumbe bado unaongea kwa haraka hivyo."

Waliongea dakika hamsini. Pindo alizihesabu kwa sketi: alipinda sketi nne za sare ya shule kabla mumewe hajakata simu. Walikuwa wakimcheka mtu waliyemwita Kijiko, na Randa alicheka hadi akakohoa, kicheko cha kitoto ambacho Pindo hakuwahi kukisikia tangu aolewe naye.

"Kijiko ni nani?" aliuliza.

Mumewe alifuta macho. "Aah. Ukielezwa haichekeshi."

Toka siku hiyo simu ililia kila siku saa nne, dada akiwa anaanika nguo. Pindo aliijua saa hiyo hata bila kutazama ukutani. Kitu kilimkaza chini ya mbavu. Alianza kubuni. "Baba, kuna mteja anakuita!" Randa aliagana na dada yake, akaja mbele, akakuta duka tupu. "Ameondoka," Pindo alisema, macho kwenye cherehani.

Alimweleza jirani yake, muuza vitambaa. Jirani alimkodolea macho. "Wenzako wanaibiwa waume na vimada. Wewe umeibiwa na wifi?"

"Angekuwa kimada ningejua la kufanya."

Katikati ya wiki ya nne, mchana, Randa alikwenda kupachika mlango mtaa wa jirani na kuiacha simu dukani ikichaji. Pindo aliifungua. Hakuwa na nia mbaya, alijiambia. Anaangalia chaji tu. Maduara yalitokea. Lililokuwa kubwa kuliko yote, la zambarau, lilijaa nusu ya kioo. Aliligusa. "Ndo hivyo, mdogo wangu," ilisema sauti nyembamba.

Alilitafuta lake. Lilikuwa pembeni kabisa, la rangi ya chungwa, dogo kama kifungo cha shati. Karibu yake kulikuwa na la kijani lililolizidi lake mara tatu, akaligusa kwa hasira apate kumjua huyo naye ni nani. Ilikuwa redio.

Pindo alikaa. Redio. Alikumbuka yote aliyomwambia mumewe tangu asubuhi: amka, chai tayari, funga mlango, usisahau bawaba. Alijaribu kukumbuka ya jana yake, yakawa yale yale. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimletea mumewe maneno ya watu, na sasa watu walipojiletea wenyewe, yeye alikuwa amebaki na chai na bawaba. Wazo hilo lilimgusa, akalisukuma kando, maana hasira ilikuwa rahisi zaidi kuishika. Aliweka kidole juu ya duara la zambarau akaliburuta hadi chini. Lilinywea, likawa kama punje ya dengu. Akaliburuta la kwake juu kidogo. Si sana. Kisha akairudisha simu kwenye chaji na kuigeuza kioo chini.

Kesho yake saa nne simu ililia. "Dada? Ongeza sauti. Sikupati. Dada?" Randa alitoka nayo uani, akarudi, akasimama juu ya maranda, akatoka tena.

"Mtandao huo," Pindo alisema kutoka mbele.

Jumamosi Randa hakusema kuhusu mtandao. Aliketi juu ya ubao akiwa ameishika simu mapajani. Jumapili dada yake alikuja mwenyewe. Aliingia akiongea, kama kawaida yake, na Randa akautazama mdomo wake ukifunguka na kufumba. Alisikia redio. Alisikia kijiko ndani ya kikombe. Alimsikia mkewe akivuta kiti. Sauti ya dada yake hakuisikia.

"Umerudi," alisema polepole.

"Nini kimerudi?" Pindo aliuliza.

"Uziwi. Safari hii umeanza na dada."

Dada mtu alimgeukia Pindo, macho yamejaa. "Mwambie asife moyo, wifi. Mwambie Jumanne nitakuja kumchukua, tutakwenda wote kwa yule binti wa masikio. Mwambie hata nikifunga dobi siku nzima, nitakuja."

Pindo alivuta kiti chake hadi upande wa kulia wa mumewe, pale pake pa siku zote, na aibu iliyoje kusema, alifurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kiti chake. Vidole na midomo vikaanza kazi yao bila sauti. Alimwambia: *Anasema pole. Anasema upumzike.*

Randa aliitikia kwa kichwa. Dada naye, kwa kuona kichwa hicho, aliamini wameelewana.

Jumanne saa mbili asubuhi dada alisimama mlangoni amevaa nguo za kutokea. Randa alikuwa na kaptula ya kazi, gundi imemkaukia mikononi. Alimtazama dada, akamtazama mkewe.

"Bado hajajiandaa?" dada alishangaa. "Kwani Jumapili hukumwambia?"

Swali hilo Randa hakulisikia, lakini aliziona nyuso mbili, na fundi aliyepima mbao miaka thelathini anajua kitu kilichopinda hata bila rula. Hakuuliza. Alinawa mikono, akabadilisha nguo, wakaenda wote watatu.

Kwenye kijumba cha sponji alibonyeza kitufe vizuri kuliko siku zote. Mtaalamu alilinganisha chati mbili, akakuna kichwa. Alimwita dada aongee: Randa hakumsikia. Aliongea yeye mwenyewe kwa sauti nyembamba zaidi ya ile: Randa alimjibu. Basi akaiunganisha simu na kompyuta, akasoma kwa muda, na mabega yake yakashuka.

"Hii sauti imeshushwa kwa mkono," alisema. "Wiki iliyopita, Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Kila mguso unaandikwa."

Feni ilizunguka.

"Sitaki kujua sababu," binti aliendelea, na kwa upole kabisa. "Ninachouliza ni kama kosa ni la mashine au la mtu. Kama ni mashine, nina kazi ya kufanya. Na wakati mwingine kidole huteleza tu, huwa inatokea."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Pindo, mpana, kiasi cha kupita na kapu kichwani. Kidole kiliteleza. Maneno mawili tu. Alimtazama mumewe. Randa alikuwa ameyasikia yote, kwa masikio yake, na kwa mara ya kwanza hakumgeukia yeye ili aambiwe kilichosemwa. Alikuwa anasubiri jibu tu, kama wengine.

"Ni mtu," Pindo alisema. "Ni mimi."

Mtaalamu alishusha macho kwenye kompyuta, akabonyeza. Dada akajaribu, kwa hofu, "Mdogo wangu?" Randa akageuka.

"Kwa nini, wifi?" dada aliuliza.

Pindo alitafuta sababu yenye heshima, akakosa. "Mlikuwa mnacheka," alisema.

Nyumbani Randa hakupandisha sauti. Alimketisha mkewe dukani, akafunga mlango wa mtaani mchana kweupe, na dada yake akabaki amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.

"Nikuulize jambo moja," Randa alisema. "Kifaa umekichezea mara moja, nacho kina kumbukumbu, kimesema. Kabla ya kifaa ulikuwa wewe. Wewe nani aliandika ulichokuwa ukikifanya?"

Angeweza kukana. Hakukuwa na shahidi duniani. Lakini baada ya kusema *ni mimi* pale kliniki, ilikuwa kama uzi uliokwisha kukatwa mwanzoni mwa mshono: ukivutwa kidogo, unafumuka wote. Alianza na madogo. Utani alioupunguza. Mteja aliyemsifu mno Randa, sifa akazibana yeye. Salamu za dada alizozifupisha, mialiko ambayo hakuifikisha. Kisha akafika pale alipokuwa akiogopa kufika.

"Mama yenu alipokuwa mgonjwa," alisema. "Miaka sita iliyopita. Wifi alinipigia. Alisema Mama anakuulizia kila siku, uende ukalale kwake japo siku tatu, anataka akushike mkono."

"Na wewe uliniambia nini?"

"Nilikwambia anaendelea vizuri."

Randa alikuwa amekwenda Jumapili ile kwa saa mbili, kama ilivyokuwa kawaida. Jumatano mama yake akafariki.

"Kule kwenu hawakunihitaji," Pindo alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo hata ungedhani vifaa vile havitaipata. "Mama alikuwa anakushika uso unamwelewa. Wifi naye alikuwa anakuchorea kwa kidole mezani unacheka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni kama mwavuli wa mgeni. Nikasema siku tatu... siku tatu nitakaa hapa peke yangu nikijua mnaelewana bila mimi."

Dada aliketi chini, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Randa alivua vifaa, kimoja kimoja, akaviweka ndani ya kikasha chake. Alikwenda nyuma, akafunga mlango usio na komeo kwa kuuegemezea ubao. Msumeno ukaanza. Haukunyamaza mpaka jua lilipotua.

Siku tano zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko kelele zozote. Randa alivaa vifaa akitoka. Akirudi, alivivulia kizingitini kama mtu anayevua viatu. Ndani ya nyumba alikuwa kiziwi tena, kama zamani, isipokuwa sasa hakuutazama mdomo wa mkewe. Pindo alimshika kiwiko. Randa aliutoa mkono huo taratibu, bila chuki, kama unavyotoa kipande cha uzi kwenye shati. Kile ambacho Pindo alikuwa amekitaka, mume asiyemsikia mwingine yeyote, alikuwa amekipata chote humo ndani, na hakikumfaa kwa lolote.

Siku ya sita dada alikuja. Hakwenda karakana. Alisimama mbele ya cherehani.

"Nimemwekea mdogo wangu kinyongo miaka sita," alisema. "Nilidhani alikataa kuja kulala kwa Mama. Msibani nilimpa mkono nikitazama pembeni. Hiyo siwezi kukusamehe leo, wifi, nisikudanganye."

"Najua."

"Lakini nimekuja kwa jambo jingine. Siku ile niliyokupigia, nilimwachia Mama simu nikatoka kuanua nguo, mvua ilikuwa inakuja. Niliporudi simu alikuwa ameshaiweka. Aliongea na wewe?"

"Aliongea."

"Alisema nini?"

Pindo alijua kila neno. Hakuwahi kumwambia mtu, na hakuwahi kuyasahau. Na hapo, akiwa na aibu hadi shingoni, wivu ule ule uliinua kichwa na kumnong'oneza kwamba hiki ndicho kitu cha mwisho alichonacho peke yake; akikitoa, hana kingine.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema.

"Utamwambia mbele yangu."

Waliingia pamoja. Randa aliwaona wote wawili, akazima msumeno. Dada alimgusa sikio. Randa alisitasita, kisha akafungua kikasha na kuvaa.

Pindo hakupasua sauti. Hakutumia vidole. Alisimama na mikono yake ikining'inia tu, hajui pa kuiweka. "Mama yako aliongea na mimi ile siku," alisema. "Alisema hivi. Mwambie lile kabati dogo alilonitengenezea akiwa bado anajifunza kazi, droo ya chini inakwama mpaka leo. Mwambie amewahi kuniuliza mara mbili kama ailekebishe nikasema iko sawa. Haiko sawa. Nilikuwa nadanganya. Ikikwama huwa nasonya, nikishasonya namkumbuka, na nikimkumbuka siku inapita vizuri. Mwambie asiilekebishe. Halafu akasema, mwambie ale, kakonda. Halafu akakata, hakuaga."

Maranda yalikuwa yamemshika Randa nyusi. "Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sijapunguza."

"Kabati liko wapi?" alimwuliza dada yake.

"Kwangu. Naweka sabuni." Dada alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na hiyo droo, nimeipiga teke si mara moja."

Randa alianza kucheka na hakumaliza vizuri. Kicheko kiligeuka katikati, akaufunika uso kwa mikono yenye gundi. Dada alimshika kichwa. Wakaanza kuongea, wote wawili kwa mpigo, kuhusu Mama na misonyo yake, iliyokuwa ya aina tatu, kila mmoja na maana yake, na Pindo akajikuta amesimama katikati ya karakana hana anachopitisha. Kile kitu chini ya mbavu kilikaza, kama saa nne asubuhi. Hakikuwa kimekwenda popote. Alikivumilia hivyo hivyo, akatoka akarudi mbele, na akauvuta mlango polepole asiwakatize.

Wiki kumi na mbili zilipokwisha, mtaalamu aliziondoa wiki mbili katika hesabu zake na kuandika sababu kwa maneno ya kitaalamu yasiyomtaja mtu. Randa aliruhusiwa kubaki na vifaa. Simu sasa ilikaa mfukoni mwake mwenyewe. Kwa dada yake alikwenda akalala siku tatu, peke yake, na aliporudi alianza kuvaa vifaa hata ndani ya nyumba, ingawa kuna siku alivivua bila kusema kwa nini, na Pindo hakuuliza.

Jioni moja aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani. "Ongea," alisema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ila kiwe chako. Si cha mtu."

Pindo alifikiri kwa muda mrefu hata ikawa aibu. Kisha akaanza kumweleza kuhusu gauni la bibi harusi aliloletewa asubuhi, kwamba mkono wa kulia ulikuwa umekatwa sawasawa lakini wa kushoto una kasoro, na aliyelikata ni yule fundi wa kona ambaye siku zote Pindo amemwonea wivu kwa mkasi wake mzuri, na kwamba alipoiona hiyo kasoro alisikia raha ambayo haifai kuisikia. Randa alikuwa anatabasamu. Hapo simu ikalia.

"Dada," alisema, akapokea.

Waliongea nusu saa. Pindo alikaa na hadithi yake imefika katikati, akikunja na kukunjua kipande cha bitana. Alisikia kila kicheko, na kila kimoja kilimchoma mahali pake. Hakuita mteja. Randa alikata simu, akairudisha mfukoni, akavuta kiti mbele kidogo.

"Enhe," alisema. "Huo mkono wa kushoto ulikuwaje?"